Dhima ya Zebaki

Asimamaye Kibara akaitazama Ghuba ya Speke huona maji yaliyolisha vizazi kwa sato, sangara na dagaa. Lakini jambo linalodai fikira zetu halionekani kwa jicho, nalo ni sumu ambayo mvua huweza kuiteremsha kutoka kwenye mialo ya dhahabu ya bara ya Mara, ambako wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, na marudio yanayosalia huloweshwa katika sianidi.

Katika viumbe vya Mwenyezi Mungu wamo bakteria ambao sumu hizo kwao si mauti. Kwenye mgodi wa Homestake, South Dakota, Marekani, tangu mwaka 1984 bakteria wa jamii ya Pseudomonas walitumiwa kuivunjavunja sianidi ya maji machafu ikawa amonia, na wengine wakaigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, kabla ya maji kurudishwa mtoni. Zebaki, walakini, haivunjiki, maana ni elementi na si mchanganyiko wa elementi: bakteria waliojaliwa uwezo huo huigeuza kuwa mvuke tu, ikatoka majini ikaingia hewani, ilhali wengine, waishio katika tope lisilo na oksijeni, huipa umbo liwezalo kupanda katika samaki hata kumfikia mlaji, umbo lilelile lililowadhuru watu wa Minamata, Japani, ambao maradhi yao yalitambuliwa mwaka 1956.

Basi ikiwa kiumbe kisicho na nia kimeliondoa dhara, je, aliyelitenda amesamehewa? Nasema hapana, hata kwa sianidi iliyokwisha kabisa. Zakayo wa Injili hakuridhika kujuta, bali aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Na wanazuoni wa Kiislamu hawaihesabu kuwa timamu toba ya mwenye kudhulumu waja mpaka haki yao irejee. Usafi wa maji ni fadhila ya Muumba. Deni la mtu kwa jirani yake ni jambo jingine.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, nami nafurahi. Ila gharama ya chombo cha kunasia mvuke wa zebaki dhahabu inapochomwa ningemtaka kwanza aitoe mnunuzi wa dhahabu, kabla hajahimizwa mchimbaji aliyekopa hata sururu yake.