Kiingilio Shilingi Kumi

Watu huniuliza kwa nini mtu alipe kwenda sinema siku hizi, na simu anayo, bando analo, na picha yenyewe itamfikia mkononi kabla mwezi haujaisha. Swali ni la haki. Mi mwenyewe naishi kwa vibarua vya kuandika, chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na pesa ya tikiti kwangu si pesa ya kuchezea. Lakini kila nikijaribu kujibu, jibu lanirudisha Magogoni, kwenye banda la video lililokuwa nyuma ya kinyozi, si mbali na kwetu.

Banda lenyewe lilikuwa mabati juu na pembeni, mabenchi sita, na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kasha la chuma isiibiwe. Kiingilio shilingi kumi. Joto la mle ndani usiseme. Diski zilikuwa zimekwaruzika. Ikifika katikati inakwama, mwenye banda anaitoa, anaifuta kwa shati lake, anairudisha. Kama uzuri wa sinema ni ukubwa wa skrini na usafi wa sauti, basi pale hapakuwa na sinema. Na bado tuliacha mpira, tukaacha chakula cha jioni, tukaenda.

Tulifuata nini? Tulifuata kelele. Picha nyingi zilikuwa na sauti ya DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili chake juu ya maneno ya waigizaji, na sisi tukisimulia juu ya DJ Afro. Adui akimnyemelea steringi, banda zima linapiga ukelele: nyuma yako! Hakutusikia hata siku moja, na hatukukoma kumwambia. Nyumbani ukiogopa unazima. Bandani huna rimoti. Unaogopa pamoja na kijana wa mkokoteni usiyemjua hata jina, kisha mnachekana. Nadhani hicho ndicho mtu anacholipia: wale aliokaa nao, na kule kukubali kwamba kwa saa mbili si yeye anayeamua picha isimame wapi.

Ningeishia hapo, makala yangekuwa mafupi na matamu. Taabu ni kwamba dada yangu hakuwahi kuingia mle.

Hapakuwa na kibao kinachosema wasichana marufuku. Hakikuhitajika. Giza, moshi wa sigara, wavulana wakubwa mlangoni, na mama aliyesema banda ni la wahuni. Basi dada, ambaye amenizidi mwaka mmoja, akawa ananichangia shilingi tano. Nami nikirudi namsimulia. Nilikuwa msimulizi mzuri, niseme ukweli. Picha ikiwa mbovu naongeza mapigano, steringi akifa namfufua.

Siku moja akaniambia, "Muulize mwenye banda kama naweza kuja mchana. Ntakaa nyuma, ntajitanda, hakuna atakayenijua."

Nikamwambia nitamuuliza. Sikumuuliza. Niliporudi nikamwambia amekataa.

Nimejiuliza sana kwa nini. Si kwamba nilimwogopa yule mzee. Alikuwa mtu mpole. Ni kwamba nilipenda kuwa mimi ndiye niliyeona. Dada akiona kwa macho yake, hadithi zangu zitabaki na thamani gani? Wahenga walisema kizuri kula na mwenzio, lakini hawakutuambia la kufanya pale ambapo utamu wenyewe, kwa sehemu, ni kwamba mwenzio hana.

Bibi yetu aliyekulia Unguja alicheka aliposikia kwamba sinema si mahali pa wanawake. Yeye alikwenda Majestic, lile jumba lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya la kwanza kuungua. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Wanakwenda na mabuibui yao kutazama picha za Kihindi, wanalia mle ndani mpaka basi, na njiani kurudi wanaimba. Si yeye tu asemaye. Laura Fair ameyaandika hayo katika kitabu chake kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania. Kumbe hapa pwani heshima na sinema zilishapatana kitambo. Mtu aliuliza, watu wakakaa, mpango ukapatikana. Magogoni kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipolipwa makala yangu ya kwanza nilimpeleka dada kwenye ukumbi mmoja wa Nyali. Viti laini, baridi ya kutia homa, sauti inakupiga kifuani. Mlangoni hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Walitaka tikiti tu, ila bei ya tikiti mbili ingetulisha nyumba nzima siku mbili. Katikati ya picha dada akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyuma yako!" Mtu wa mbele akageuka akamtazama. Hakusema tena.

Tukiwa nje twangoja tuktuk akaniuliza, "Ndivyo mlivyokuwa mkifanya kule bandani?"

"Sivyo."

Hapo nikamwambia na lile la mwenye banda. Alinyamaza kidogo. "Basi shilingi tano zangu ulizila bure," akasema, na hakucheka.

Desemba iliyopita aliazima projekta kwenye shule ya chekechea anakofundisha, akatundika shuka ukutani uani kwetu. Alionyesha *Supa Modo*, picha ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018: mtoto mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinachokubali kumfanya shujaa. Mle ndani kuna banda la video kama letu, na msimulizi wake. Wasichana walikaa mbele. Mimi nilishika waya wa stima usikanyagwe. Kelele zilifika mpaka barabarani.

Ilipogonga saa mbili, mama mmoja akaja kumchukua binti yake. Usiku umeingia, si makosa yake. Mtoto akaondoka akitembea kinyumenyume, macho kwenye shuka.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwetu. "Mwalimu, yule mtoto alipona?"

Mi nilikuwa tayari kumsimulia, mdomo ushafunguka. Dada akanikatiza. Akamwambia mtoto, "Utaona mwenyewe. Tutairudia mchana."

Ila mchana shuka halionyeshi kitu. Kwa hiyo sasa twatafuta chumba chenye giza hapa Magogoni, mabenchi, na mama wawili watatu watakaokubali kukaa mlangoni. Safari hii wa kuzunguka kuuliza ni mimi.