Breki Iko Sawa

Kijana alikuja kuiona skuta Jumapili baada ya kanisa, shati bado lina mikunjo ya pasi. Akaizunguka mara mbili. Akapiga teke tairi, kitu ambacho kila mnunuzi hufanya na sijawahi kujua huwa wanatafuta nini. Akawasha taa, akapiga honi, mama akachungulia kutoka jikoni. Kisha akashika leva ya breki ya mbele, akaifinya. Ikagoma mapema, ngumu kama jiwe.

Akatabasamu. "Breki iko sawa kabisa, kaka."

Nami nikanyamaza.

Wiki moja kabla ya hapo, mimi na fundi mmoja wa hapa senta ya Muthara tulikuwa tumeifungua breki hiyo hiyo. Skuta niliinunua Mombasa nilipofanya kazi huko miaka mitatu, ikawa inalala nje, upepo wa bahari ukiipiga usiku kucha. Nilipohamia Nairobi niliipandisha lori ikaja nyumbani, ikasimama kando ya zizi la ng'ombe misimu minne ya mvua. Mvua za Nyambene mnazijua. Sasa nilihitaji pesa na kijana alihitaji kitu cha kuanzia kazi ya boda. Hadithi ya kawaida.

Kwa wasiowahi kuifungua, breki ya diski si muujiza. Ukifinya leva, oili inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski, unasimama. Kalipa yangu ina pistoni mbili za chuma kilichopakwa kromu, upana wake kama sarafu ya shilingi 20. Kila moja imezungukwa na raba ambayo kazi yake ya kwanza ni kuzuia oili isivuje. Kazi ya pili watu wengi hawaijui: unapofinya breki raba inajipinda kidogo pamoja na pistoni, na ukiachilia inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma. Hakuna springi mle ndani.

Kutu huanzia sehemu ya pistoni inayotokeza nje kadiri pedi zinavyoisha. Maji na vumbi vinakaa hapo, na kwangu mimi, chumvi ya Mombasa. Ikishapenya kromu inaacha vishimo vidogo, na siku utakapoirudisha pistoni ndani, vishimo vile vinapita kwenye raba kama msumeno. Oili ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana hushauriwa ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yangu sikuwahi kuibadilisha. Ilitoka na rangi ya strungi.

Fundi aliijua kazi yake, sitaki mtu amdharau. Hakufungua paipu ya oili kwanza. Alizuia pistoni nzima kwa kipande cha mbao, akapampu leva taratibu mpaka ile iliyokwama ikaanza kutoka milimita kwa milimita, ikilalamika. Nilipouliza kwa nini asitumie upepo wa kompresa, akanionyesha kidole chake cha shahada, ambacho kimepinda. Kisha akaiweka pistoni kiganjani mwangu. Ilikuwa na madoa ya kahawia na vishimo ambavyo ukucha uliweza kuvihisi.

"Hii ni ya kutupa," akasema. "Agiza mpya na raba zake, Kirinyaga Road hazikosi." Akanyamaza, akanitazama. "Ama tupige msasa. Itasukuma. Si unauza?"

Si unauza? Tukapiga msasa. Akaosha kila kitu kwa petroli, hadi raba, na petroli huzivimbisha raba za namna hiyo. Tukafunga. Siku ya kwanza pistoni zote mbili zilisukuma. Siku ya tatu ile mbovu ikakwama tena.

Sasa hapa ndipo kuna jambo lililoninyima usingizi. Pistoni iliyokwama hailegezi leva. Inaikaza. Oili haina mahali pa kwenda, kwa hiyo mkono unasikia upinzani mkubwa na kuudhani ni nguvu ya breki, wakati pedi inaigusa diski kwa upole wa salamu. Kijana yule alipima breki jinsi kila mtu anavyopima, na ugonjwa wenyewe ukamjibu kwa sauti ya afya.

Sikumdanganya. Nimejirudia hilo mara nyingi. Sikusema breki ni nzuri, ni yeye aliyesema. Aliangalia kwa macho yake na akashika kwa mkono wake. Skuta ni ya mtumba, na mtumba ni mtumba, kila mtu anajua. Sheria nayo haingenisumbua sana. Ile Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo iliiga ya Waingereza ya 1893, kinga yake kuhusu ubora wa bidhaa inamlenga zaidi anayenunua kwa mtu wa biashara. Mimi nauza skuta moja tu, nyumbani kwa mama. Kwangu, mnunuzi ajichunge.

Ubishi huu ni mkongwe kuliko skuta. Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na humo akawabishanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Mtu anauza nyumba. Anajua mbao zake zimeoza na vyumbani mnatokea nyoka, wengine hawajui. Je, aseme? Antipater anasema ndiyo, kunyamaza ni kumwacha mtu apotee njia ilhali unaijua. Diogenes wa Babeli, mwalimu wake, anasema hapana: muuzaji hakumlazimisha mtu, hakusema uongo, na kutosema si sawa na kuficha. Ukianza kutangaza kasoro zako zote mnadani, nani atauza kitu?

Nikiwa Nairobi, na kahawa mkononi, mimi ni Antipater. Jumapili ile nilikuwa Diogenes, tena bila hata kumaliza kusoma hoja zake.

Na nikiri kwamba hoja zake si za kijinga. Biashara nzima ya vitu vilivyotumika, kuanzia Gikomba mpaka hapa kwetu, inasimama juu ya shaka. Bei iko chini kwa sababu mnunuzi anajua kuna kitu. Ukimwambia kila kitu, umemuuzia skuta na kumfanyia ukaguzi bure. Hiyo ningeikubali kwa karibureta inayosumbua asubuhi, au kiti kilichochanika chini ya kava. Hizo angezigundua kwa kuchunguza, au baada ya siku mbili, kwa hasara ndogo. Lakini shaka ina msaada tu pale ambapo kuangalia kunakuelekeza kwenye ukweli. Kijana alishuku, akapima, na kadiri alivyopima ndivyo alivyozidi kupotea. Mimi nilikuwa mtu pekee kwenye ule uwanja niliyejua kwamba ule ugumu ni uongo, nikauacha useme kwa niaba yangu. Sioni tofauti kubwa kati ya hilo na kusema mwenyewe.

Cicero aliwapa ushindi akina Antipater. Kwake, kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, mtu asijue jambo ambalo angefaidika kulijua. Mombasa nilikuwa na jirani muuza nafaka ambaye hakuhitaji Mroma. Alinisimulia jinsi Mtume alivyopita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula na kukuta chini kumelowa. Muuzaji akajitetea kwamba kilinyeshewa. Akaulizwa mbona basi hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione. Jirani yangu ndiye aliyeniambia pia kwamba neno letu aibu limetoka kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni kasoro, hata kasoro ya bidhaa inayompa mnunuzi haki ya kuirudisha. Sisi tumelihamisha kutoka kwenye mzigo likaja kukaa kwenye uso wa mtu. Nadhani tulijua tunachofanya.

Lakini kuna kitu kinachonisumbua kwa wote hawa. Kwenye nyumba ya Cicero kuna watu wawili, muuzaji na mnunuzi, na nyoka. Kwenye skuta yangu kuna mtu wa tatu. Boda hainunuliwi ili mwenyewe apunge upepo. Nyuma yake atakaa mama anayetoka sokoni na mzigo mapajani, au watoto watatu wa shule waliobanana kama maharagwe kwenye ganda, halafu washuke mteremko wakati wa mvua na gari la miraa likija kasi kwa nyuma. Hao hawatapiga teke tairi. Hawatafinya leva. Hawakualikwa kwenye mapatano na hakuna punguzo lolote watakalopata. Wakati huo mimi niko Nairobi, pesa nimeshalipia kodi ya nyumba.

Jumanne nilimpigia simu. Nikamweleza yote: kutu, msasa, leva. Nilijiandaa kwa hasira, hata nilikuwa naitamani kidogo.

Akacheka. "Kaka, hiyo tu? Nipunguzie elfu tano tuyamalize. Nitakuwa natumia ya nyuma."

Mnielewe: nilihisi mzigo ukishuka. Nimesema ukweli, amesikia, ni mtu mzima na ana akili zake. Antipater ameridhika, jirani yangu wa Mombasa ameridhika. Kidogo niseme sawa. Kisha nikapiga hesabu. Pistoni mbili, raba na oili mpya, pamoja na nauli ya mzigo, nilikuwa nimeambiwa ni shilingi 4,200. Chini ya punguzo aliloomba. Kwa hiyo tulikuwa tayari, mimi na yeye, kupitisha pesa inayozidi gharama ya breki nzima kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, na breki ibaki mbovu. Ukweli wangu ulikuwa umegeuka bidhaa, tukaupatia bei, na aliyekuwa akilipia ni yule mama wa sokoni.

Nikamwambia siuzi mpaka niitengeneze. Akanyamaza muda mrefu.

"Wewe una kazi," akasema. "Mimi naanza lini?"

Sikuwa na jibu la maana na hadi leo sina. Ni rahisi kushika msimamo ukiwa na mshahara mwisho wa mwezi. Kila siku niliyoongeza kwa ajili ya abiria nisiowajua, niliitoa kwake, ninayemjua. Mama alisema nimejifanya mtakatifu kwa pesa ya mtu mwingine, na mama huwa hakosei kwa mambo kama hayo. Lakini naye hakusema ningeiuza vile ilivyokuwa.

Vipuri vilikuja baada ya siku tisa. Safari hii nilikaa na fundi mwanzo hadi mwisho. Tulisafisha mfereji wa raba kwa kijiti, tukalowesha raba mpya kwa oili safi ya breki badala ya petroli, tukaziingiza pistoni kwa vidole tu, bila koleo. Zilizama kama kijiko kwenye uji. Tulipotoa hewa yote kwenye oili, leva ikawa na ulaini kidogo mwanzoni kabla ya kushika. Mtu asiyejua angesema breki imelegea.

Kijana alikuwa ameshanunua pikipiki ya mtu mwingine, yenye diski mbele. Nilimkuta steji Jumamosi, amevaa reflekta mpya, hana kinyongo. Akaniita niione. Nikaizunguka, na nakiri nilipiga teke tairi.

"Shika hiyo breki, kaka. Ona ilivyo ngumu."

Nikaishika. Ilikuwa ngumu kweli. Abiria alikuwa ameshaanza kusogea, mama mwenye gunia la viazi, akiuliza nani anaelekea Mikinduri.

Nikamuuliza kama ana spana namba kumi na mbili.