Mpaka Chemchemini

Somo: 2 Wafalme 2:19–22



Wenyeji wa Yeriko walimwendea nabii Elisha na malalamiko ambayo mtendaji wa kata yeyote wa leo angeyatambua. Mji wetu umekaa mahali pazuri, walimweleza, lakini maji yake ni mabaya na mimba zinaharibika. Elisha hakuagiza aletewe wagonjwa mmoja mmoja awawekee mikono. Aliomba chombo kipya na chumvi, akatoka akaenda mpaka yanakotokea maji, akaitupa chumvi pale. Kitabu hakitutajii jina la mtu hata mmoja aliyepona. Hakuna mkoma anayerudi kushukuru, wala mjane anayekabidhiwa mwanawe akiwa hai. Upo mji tu, na wanawake wake wakaanza kujifungua salama, na yamkini wajukuu wao hawakujua kwamba zamani mambo yalikuwa vingine.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaosoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa njia ya mtandao. Wamo humu sharikani na wanazidi kuongezeka: wauguzi, matabibu, maofisa afya wa kata. Mnawajua kwa dalili zao. Ndio wanaosinzia ibada ya kwanza. Ndio wanaokosa mazoezi ya kwaya, ukiwauliza wanasema walikuwa na kipindi, na bibi mmoja anashangaa: kipindi gani hicho cha usiku? Ni kweli, mama. Darasa likianza saa kumi na mbili jioni huko Uingereza, kwetu ni saa mbili usiku, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma majira ya baridi, kwetu inakuwa saa tatu.

Wazee nao wana swali lao. Ukimaliza utakuwa daktari wa nini? Daktari wa macho anaeleweka, wa moyo anaeleweka. Huyu hana kiungo cha kutaja, anabaki anajiumauma. Wengine wanamsengenya kwamba amechoka kuhudumia wagonjwa, sasa anatafuta kiti cha ofisini. Ningekuwa mimi ningemjibu mzee kwa kumsomea habari za Yeriko. Mtu huyu anajifunza kuuliza kwa nini watu wa ng'ambo hii ya mto wanaharisha na wa ng'ambo ile hawaharishi, kisha anaondoka na swali hilo kwenda kutafuta chanzo.

Kila anayesoma taaluma hii hukutana mapema na kisa cha Broad Street, na mara nyingi hupewa nusu yake tu. Nusu hiyo ni hii. Usiku wa Agosti 31, 1854, kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, jijini London. Katika siku tatu walikufa watu 127 karibu na barabara hiyo moja, na mpaka mlipuko ulipokwisha walikuwa wamefikia 616. Wakubwa wa tiba wa wakati ule walisema ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Dk. John Snow alisema ni maji. Alizunguka kwenye nyumba zilizofiwa akiuliza walikuwa wakichota wapi, na majibu yakamrudisha kila mara kwenye pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa papo hapo mtaani walinusurika, kwa kuwa walikunywa bia waliyogawiwa na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Septemba 8 mpini wa pampu ukaondolewa.

Nusu ya pili ina mchungaji ndani yake, na ndiyo sababu siichoki. Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa Kanisa la Mtakatifu Luka hapohapo Soho, kijana wa miaka 29. Nadharia ya Snow hakuiamini hata kidogo, akaazimia kuibomoa kwa kuchunguza mwenyewe. Alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho: alizijua nyumba. Waliokufa walikuwa waumini wake, alikuwa amekaa kando ya vitanda vyao. Alipita mlango kwa mlango, nyumba nyingine akazirudia mara kadhaa, na waliohama baada ya msiba akawafuata walikohamia. Tena hakuwauliza waliofiwa peke yao. Aliwauliza na wazima kama walikunywa maji yale, jambo ambalo mwanafunzi wa leo atalitambua mara moja: huwezi kusema maji yanaua mpaka ujue wangapi waliyanywa wakabaki wazima, na wangapi hawakuyaonja wakafa. Hesabu ilipokamilika ilimgeukia yeye mwenyewe. Waliokunywa ndio waliougua kwa wingi.

Kisha mwanzoni mwa 1855, akipekua kumbukumbu za vifo kwa shughuli nyingine, aliona jina la mtoto mchanga wa nyumba namba 40, familia ya Lewis. Alikuwa amefariki Septemba 2, lakini kuharisha kwake kulianza kabla mtaa haujaanza kuzika. Whitehead akaenda kwa mama. Mama akamweleza kwamba maji aliyosuuzia nepi aliyamwaga katika shimo la maji machafu lililokuwa mbele ya nyumba. Walipochimba walikuta shimo lile liko chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu, kuta zake zimeoza, uchafu unavuja kuelekea kwenye maji ya kunywa.

Kuna jambo jingine hapa ambalo waalimu wengi hulipita haraka. Mpini ulipoondolewa, vifo vilikuwa tayari vimeanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Mtu anaweza kusema basi haikusaidia kitu. Lakini siku ileile ya Septemba 8, baba wa mtoto yule, askari polisi Thomas Lewis, aliugua kipindupindu, na mkewe akaendelea kumwaga maji machafu katika shimo lilelile. Pampu ingekuwa bado inafanya kazi, Soho ingeanza kuzika upya. Nani alifika kumshukuru Snow kwa mlipuko ambao haukutokea? Whitehead alikiri kwamba daktari alikuwa sahihi, wakawa marafiki, na picha ya Snow aliitundika katika chumba chake cha kusomea.

Snow alikuwa na mbinu, Whitehead alikuwa na milango. Kila mmoja peke yake angepungukiwa. Hapo ndipo ninapoona faida ya masomo haya ya mbali, nami naiona kubwa kuliko nafuu ya nauli. Zamani mtu aliyetaka elimu ya namna hii alifungasha, akaacha kituo chake cha afya bila mtu, na wengine hawakurudi. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikiwatahini watu wasiokanyaga London tangu 1858, na leo London School of Hygiene & Tropical Medicine, iliyoanzishwa mwaka 1899, inafundisha uzamili wa afya ya jamii kwa mtu aliyeketi kwake, ambaye anaruhusiwa kwenda taratibu hadi miaka mitano. Mwanafunzi anapokea mbinu usiku, na asubuhi anaamkia kwenye milango anayoijua.

Mtazame mmoja wao. Sahani zimeondolewa mezani, watoto wamelala. Simu imeegemezwa dirishani kwa kuwa ndipo mtandao unaposhika, na inairushia intaneti kompyuta yenye betri isiyomaliza saa moja umeme ukikatika. Kwenye kioo kuna safu ndefu ya kaya. Choo kikiwepo imeandikwa 1, kisipokuwepo 0. Takwimu hizo ni za nchi nyingine kabisa, amepewa za kujifunzia. Ila yeye alikulia nyumba ya namba hiyo ya sifuri, na anajua kwamba mwenye nyumba anaweza kuwa na choo na bado asikitumie, kwa sababu mkwe hawezi kuingia choo kimoja na baba mkwe. Akiliandika hilo katika jukwaa la mjadala, mwenzake aliye Toronto anajifunza jambo ambalo halimo katika kitabu.

Sasa neno gumu, mnisamehe. Wapo wanaolipa mtu awaandikie kazi za darasani, na wengine wanalipia tasnifu nzima. Biashara hiyo inajulikana, Nairobi hata Dar es Salaam. Msinieleze kwamba ada ni kubwa na muda haupo. Najua inalipwa kwa pauni, najua zamu za usiku. Katika masomo mengine udanganyifu humwumiza zaidi aliyedanganya. Katika haya unawaumiza watu ambao hawajui hata kwamba upo. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoani, na wagonjwa wakapita 20,000. Katika siku kama zile ofisa wa wilaya anasomewa idadi ya wagonjwa kwenye simu, naye anatakiwa aamue jioni hiyohiyo kisima kipi kifungwe na dawa ya klorini ipelekwe kata ipi kwanza. Hapo hakuna wa kumwandikia.

Kwa waume na wake wa wanafunzi hawa nina ombi dogo. Mwachieni mwenzenu saa zake mbili, na msiseme anachezea simu. Vikao vya harusi na vya kitchen party haviwezi kumdai kila Jumamosi kama vinavyowadai wengine. Na wewe unayesoma, usijitenge na jumuiya kwa kisingizio cha mtihani, maana ukishaacha kuingia nyumba za watu utabaki na mbinu peke yake.

Jambo la mwisho ni la wazee wa kanisa wa kila mtaa. Mvua za vuli zinakaribia. Kabla hazijaanza, mtafuteni mwanafunzi wa afya ya jamii aliye karibu nanyi, mwende naye kwenye visima mnavyochota, mpime kwa kamba umbali kutoka kila kisima hadi choo kilicho karibu zaidi. Kanuni wanayofundishwa ni angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Andikeni mlichokuta, kisima kwa kisima, na karatasi hiyo ifike kwenye baraza la wazee kabla hatujapanga matumizi ya sadaka ya mavuno.