Fanya Iwake Tu

Sironga hakuna ziwa. Kuna chai, kuna ndizi, kuna kinamasi, na kuna gereji ya mjomba wangu yenye pipa lililokatwa juu na kujazwa maji. Hilo pipa ndilo ziwa letu. Injini ya boti ikija, tunaifunga ukingoni, tunavuta kamba, na ikinguruma tunasema imepona.

Usishangae injini za boti kufika huku milimani. Mjomba alianza na misumeno ya petroli ya kukatia miti, na anayeujua msumeno anajua nusu ya injini ya zamani ya boti. Zote ni za mipigo miwili, zote hunywa petroli iliyochanganywa na oili: nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, hivyo ndivyo tunavyopima sisi. Mtu wa Kendu Bay akisikia mjomba hutoza kidogo, anaitia Yamaha yake kwenye matatu, anapitia Oyugis na Kisii, anatufikia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa. Mchana nashika spana, usiku naandika. Chuoni nilisoma kozi moja ya maadili na nikaipita vizuri. Lakini swali la maadili linaloninyima usingizi nililipata kwenye lile pipa.

Mwaka jana mzee mmoja alituletea injini ya nguvu ya farasi 15, kuukuu, rangi imebanduka. Nilipoifungua mguu nikakuta impela imechoka. Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kimekaa chini kwenye pampu, na kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu ili yapoze injini. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ila mchanga hukila, magugu maji yakiziba tundu la kuvutia maji hugeuka kikavu kikaungua, na miaka hukikausha. Hiki mabawa yake yalikuwa yamekakamaa, mawili yana nyufa.

Nikamwonyesha mzee. Akakishika, akakigeuza, akauliza bei ya kipya. Nikamwambia.

"Hiyo tutaona mwezi ujao, fundi. Wewe fanya iwake tu."

"Sawa, mzee."

Nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikarudisha impela ileile. Kwenye pipa injini iliwaka mvuto wa pili na kukojoa vizuri. Ndivyo tunavyouita ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni kuonyesha pampu inafanya kazi. Mzee akalipa, akaenda.

Sasa, pipa halisemi ukweli wote. Kwenye pipa injini haisukumi mzigo wowote, na huwashwa dakika chache tu. Hata hewa ni tofauti. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, sisi tuko juu zaidi, na kabureta iliyosetiwa kwenye hewa yetu nyepesi inaweza kupungukiwa na petroli kidogo kule chini. Hayo yote nilikuwa nayajua.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu asubuhi na namba nisiyoijua. Kijana, sauti imekauka.

"Omera, wewe ndiye fundi wa Sironga?"

Walikuwa wanne, wameenda kuvua omena. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa. Bawa moja la impela lilikatika, maji yakaacha kupanda, pistoni ikajikaza. Upepo wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo kila walipopumzika kupiga kasia walisukumwa mbali zaidi. Boti nyingine iliwavuta kulipokucha. Hakuna aliyekufa. Hakunitukana. Aliuliza neno moja tu.

"Ulijua?"

Nimejitetea mara nyingi tangu siku ile, kichwani. Nilimwambia mwenye injini ukweli. Ni mali yake, ni uamuzi wake. Ningekataa, angeenda gereji ya pili, na huko pengine hata impela isingeangaliwa. Na kuna utetezi mzito kuliko huo: umaskini. Ukisema injini mbovu isiguse maji mpaka ikamilike, umesema boti nyingi zikae ufuoni, na watakaolala njaa kwanza ni haohao vijana wanne. Usalama kamili una bei, na wengi hatuna hiyo bei. Huku hata matatu tunapanda hivyohivyo.

Nakubali yote hayo. Lakini bado sijalijibu lile swali.

Kwa sababu mzee hakuwa kwenye boti. Mara nyingi ziwani mwenye boti na injini ni mmoja, na wanaoingia majini usiku ni wengine, wanaolipwa kwa fungu la mavuno. Mimi nilimwambia ukweli aliyelipa. Waliobeba hatari hawakusikia kitu.

Niliwahi kusoma kwenye simu sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za karibu miaka 3,750 iliyopita. Sheria ya 235 inasema fundi akimtengenezea mtu boti isiyo imara, na kasoro ikatokea mwaka uleule, fundi aibomoe na kuijenga upya kwa gharama yake. Nilipenda ukali wake. Baadaye nikaona kwamba sheria hiyo nayo inamtazama mwenye boti. Anayerudishiwa chake ni mwenye mali. Waliokuwa ndani hawatajwi.

Kwa hiyo nimefika hapa. Sidhani fundi anamdai mtu injini kamilifu, hilo hatuliwezi. Anachodaiwa ni habari, na habari ile haina budi kumfikia atakayekaa na injini gizani. Kijana yule angeambiwa impela imechoka, huenda angeenda tu, shida ni shida. Lakini angebeba kasia za ziada, au angevua karibu na ufuo, au angemwambia mzee, "Hapana." Hatari aliyoichagua mtu ni yake. Ile aliyofichwa ni ya aliyemficha, na kunyamaza ni njia mojawapo ya kuficha.

Siku hizi kila injini ikitoka, naandika kwa rangi nyeupe ndani ya kifuniko: tarehe, na kitu ambacho sikubadilisha. IMPELA YA ZAMANI. Wanaopanda boti ndio hufungua kifuniko, plagi inapolowa petroli.

Mjomba hakufurahia. "Kijana, unaandika aibu kwenye mali ya watu." Mteja mmoja alifuta maandishi kwa petroli palepale, nikimtazama. Mwingine hajarudi tena. Sijui kama nitaendelea nayo mwaka mzima, maana kodi ya nyumba haisomi maadili.

Ila yule kijana nilimjibu, nisije nikaonekana nimekwepa. Nilinyamaza kidogo, nikasikia mawimbi upande wake wa simu.

"Nilijua," nikasema.

Akashusha pumzi. "Basi wakati mwingine utuambie sisi."