Taka za Mji na Haki ya Jirani

Ndugu Waislamu, wanavyuoni wa fiqhi wametuwekea kaida ya kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kwa kaida hii natuipime khabari ya jaa.

Mwaka 2018 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ililifunga jaa la Kibarani, nasi tuvukao Makupa tukamhimidi Mwenyezi Mungu kwa kuondokewa na ule uvundo. Lakini taka hazikutoweka. Zapelekwa Mwakirunge, huko Kisauni, jirani na Utange. Je, tumeyaondoa madhara, au tumeyahamisha?

Jaa lisilotandikwa chini wala kufukiwa juu hutoa maji machafu yapenyayo ardhini hata yakaharibu visima. Na plastiki iunguapo, moshi wake huingia vifuani mwa watoto.

Wako wasemao kuwa haya ni mambo ya siasa, si ya dini. Ajabu! Mtume (s.a.w.) amehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani, seuze mlima mzima wa udhia?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kazi ya taka na majaa imekabidhiwa kaunti. Basi mtu wa Utange haombi fadhila, adai amana.

Wala sisi wa kisiwani tusijitoe. Taka zile ni zetu, na mabaki ya karamu zetu za harusi yamo. Kaunti ituitapo kutoa maoni juu ya bajeti, twendeni tukaulize: ni fungu gani lililotengwa la kuchambua taka, kulifukia jaa la Mwakirunge na kupima maji ya visima?