Mgeni na Haki ya Kushauri

Mshauri nasaha, yaani mtu aliyefunzwa kumsikiliza mwanafunzi na kumsaidia kuamua, anapofanya kazi ugenini kwa kupenda safari, hukabiliwa na swali la kimaadili: je, mgeni ana haki ya kushauri juu ya mila asiyozaliwa nayo? Katika wilaya za Tarime na Serengeti, nchini Tanzania, swali hilo ni zito, kwa kuwa ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18 na sheria ya mwaka 1998, hufanyika hasa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, baada ya inchama, baraza la siri la wazee wa Kikurya, kuridhia msimu. Msichana anayekimbilia nyumba salama ya Mugumu au kituo cha Masanga hahitaji hifadhi tu, bali pia mtu wa kuketi na wazazi wake hadi wapatane, ndipo arudi nyumbani bila hofu. Hivyo basi, haki ya kushauri haitokani na mahali pa kuzaliwa wala wingi wa nchi zilizotembelewa, bali na kuwajibika kwa matokeo ya ushauri. Na kwa kuwa utu wa msichana hautegemei kabila la anayeutetea, mgeni asiyeweza kubaki ana wajibu wa kuwatia nguvu wenyeji watakaobaki.