Thumni ya Nini?

Ripoti ya uthamini hutiwa sahihi na mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Wathamini, Sura ya 532. Mimi sitii sahihi. Mimi ni mshika futi. Ndimi ninayezizunguka nyumba za watu Kisauni, Changamwe na Likoni, nikichora kila pembe kwa penseli na kuandika urefu wa kila ukuta, ili ofisi ipate eneo na benki ijue inakopesha juu ya nini.

Mchoro una adabu zake. Unaanza pembe moja ya nje, unazunguka mpaka unarudi palepale. Vipande vya ukuta wa mbele vikijumlishwa sharti vilingane na vya nyuma, na vya kulia vilingane na vya kushoto. Visipolingana tunasema mchoro haujafunga, na hakuna dua ya kuufunga ila kurudi kupima. Nyumba mpya za mawe ya matumbawe hufunga bila taabu. Zile kongwe za udongo na boriti zimepindapinda kila upande, na hata mashine ya leza hutoa majibu mawili kwa ukuta mmoja.

Lakini mchoro waweza kufunga barabara na bado ukabeba dhuluma. Chukua nyumba mpya inayouzwa kuwa ni ya mita 100 za mraba. Ikiwa ni mita kumi kwa kumi kwa nje, hiyo mia ni kweli. Ukuta ukiwa na unene wa sentimita 20, ndani inabaki 9.6 kwa 9.6, yaani 92 na ushei, na kuta za kati bado hatujazitoa. Karibu mita nane za mraba ni mahali ambapo mnunuzi hatatandika mkeka maisha yake yote. Je, kadanganywa? Mimi nasema hakudanganywa. Mawe, saruji na jasho la fundi vimo ukutani, na ndiyo maana sisi hupima nje. Ila lazima aambiwe futi ilianzia wapi. Akifichwa, hapo pana aibu iliyofichwa katika biashara, na mafakihi wamempa mnunuzi wa namna hiyo hiari ya kurudisha mali.

Mtopanga nilimkuta fundi wa taili, mtu mzima, amechuchumaa sebuleni kwenye nyumba iliyokuwa karibu kuuzwa. Analipwa kwa mita.

"Mwanangu, wewe umepata mita ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Basi tajiri ana nyumba mbili. Ya kuuza kubwa, ya kunilipa mimi ndogo."

Mwenye nyumba alikuwa ametoa unene wa kuta katika hesabu ya fundi, na hilo ni haki, kwani fundi halazi taili ndani ya ukuta. Lakini alitoa pia vizingiti vya milango, akatoa na sakafu iliyo chini ya makabati ya jikoni, ambako taili zilikuwa zimeshalazwa. Katika hesabu ya kuuzia, roshani na ngazi ya nje zote zilikuwa zimeingia.

Sura ya 83, Al-Mutaffifin, tumezoea kusomewa tukifikiria muuza mchele na pishi yake. Siku hizi naisikia kama inamsema mtu wa nyumba na viwanja. Anayelaumiwa mle ni mwenye vipimo viwili, anayetaka kijae akipokea na kupunguza akitoa. Futi ya yule tajiri ilikuwa sahihi kila mara. Alichokuwa akikihamisha ni mwanzo wake, kwa kutazama nani analipa.

Jambo hili huwa zito zaidi kwenye mirathi. Mafungu yanajulikana: mjane aliyefiwa na mume mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Hakuna wakili wala kaka mkubwa awezaye kuigusa thumni ile. Lakini thumni ya nini? Hiyo nzima inayogawanywa haikuteremshwa. Inatoka kwenye penseli ya mtu aliyeloa jasho, aliyeshuka matatu sasa hivi na ana nyumba nyingine ya kupima kabla ya adhuhuri. Watu huogopa kukosea hesabu ya mafungu, wakawaita masheikh wawili kuihakiki. Kabla ya hapo, wakati wa kupima, hawamwiti yeyote.

Likoni nilitumwa kwenye nyumba ya mirathi, na ilikuwa nyumba bila ardhi. Msomaji wa bara pengine atashangaa: kuta na paa ni za familia, ardhi ni ya mtu mwingine, na kodi ya kiwanja hulipwa. Pwani tumeishi hivyo tangu zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai wajitokeze, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Hukohuko Likoni, katika shamba la Waitiki la ekari 930, watu walijenga kwanza, hati zikaja 2016.

Kaka alikuwa akiishi mle na alitaka kubaki, awalipe dada zake mafungu yao.

"Pima ndani, bwana. Watu huishi ndani."

Hoja haikuwa mbaya. Lakini ardhi si yao. Baba aliacha kuta, milango na mabati. Ukitoa unene wa kuta katika nyumba kama ile, umewatolea wenzako kitu chenyewe walichorithi. Bukhari na Muslim wamepokea onyo kali juu ya anayedhulumu ardhi hata kadiri ya shubiri, na sioni kwa nini shubiri ya ukuta iwe nyepesi.

Dada mmoja alikuwa amesimama mlangoni, leso kichwani. Akauliza kuhusu baraza. Kwa utaratibu wetu baraza haliingii katika eneo la nyumba, nami nikamwambia nitalichora kando kwa vipimo vyake. (Nikahi ngapi zilifungwa pale, na matanga mangapi, hakuna safu ya kuandikia.) Kisha akamgeukia nduguye.

"Kaka, siku watu wa mradi wa daraja wakija kupima nyumba ili walipe fidia, utawaambia wapime ndani?"

Kaka akasema hilo ni jambo jingine kabisa. Faili liko kwa Kadhi mpaka leo, na mchoro wangu umo: vipimo vya nje, baraza kando, na pembe niliyoanzia imetiwa alama. Bado sijaitwa kuueleza.